Barua ya wazi kwa wakuu wa mahakama za Goma: nilihukumiwa bila kuitwa

Goma, Novemba 2022

Kwa Waheshimiwa Maraisi wa mahakama za Goma,
Kwa Wakuu wa ofisi za grefu, yaani masijala za mahakama,
Kwa mahuisye wote walio chini ya mamlaka yao, wapeleka barua za kuitwa na watekelezaji wa hukumu,

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima inayostahili kazi yenu. Mimi ni fundi seremala. Kabla ya volkano ya mwaka 2021 atelye (karakana) yangu ilikuwa Buhene, kando ya barabara ya Rutshuru. Sasa niko Ndosho. Ninawaandikia hadharani kwa sababu barua niliyoiacha grefu mwezi wa nane, yenye muhuri wa kupokelewa, haijajibiwa. Kila nikienda kuulizia naambiwa dosie (faili) iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Jina la mahakama iliyonihukumu siliandiki hapa, wala la koperative ya mikopo iliyonishtaki kwa deni. Wahusika wanajijua, na namba ya kesi imo katika barua ile. Jambo lenyewe ni pana kuliko kesi yangu, na wenzangu wa mji huu wana haki ya kulisoma.

Desemba 2021 nilihukumiwa kulipa dola 2,350. Nilipata habari Agosti 2022, siku huisye alipoingia atelye na polisi wawili kuchukua mashine yangu. Kabla ya hukumu sikuletewa karatasi yoyote. Baada ya hukumu pia sikuletewa.

Mkopo ulikuwepo, na sijawahi kuukana. Mwaka 2019 nilichukua pesa kwa koperative ili ninunue mashine ya kuranda mbao, tukapatana kwamba jumla ya kurudisha, mtaji pamoja na faida, ni dola 1,800. Hadi Aprili 2021 nilikuwa nimelipa dola 1,380. Zilibaki 420. Bordero zote, yaani risiti za malipo, ninazo, kwa sababu mke wangu aliziweka katika mfuko mmoja na karatasi za shule za watoto, na usiku wa volkano mfuko huo ndio alioubeba. Mashine yenyewe ilibaki chini ya lava. Hii waliyoichukua ni nyingine, ya mtumba, iliyotoka Uganda, niliyoinunua baadaye kwa jasho na kwa msaada wa ndugu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nyumba iliyoandikwa kwenye ripoti haikuwepo tena

Nilipolipa pesa ya nakala, grefu walinipa hukumu pamoja na ripoti ya huisye. Ripoti inasema kwamba Septemba 2021 alifika Buhene, nyumbani kwangu, hakunikuta, akaacha barua ya kuitwa mahakamani kwa jirani. Jina la jirani halimo. Mahali pa saini pameandikwa kwamba amekataa kusaini.

Waheshimiwa, Jumamosi ya 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka bila sisi kupewa onyo. Lava ilishuka usiku, ikakata barabara ya taifa namba 2, ikafunika sehemu kubwa ya Buhene, ikaja kusimama kwenye ukingo wa mji. Avenyu yetu ilimezwa nzima. Mwezi wa tisa wa mwaka ule pale palikuwa uwanja wa mawe meusi yenye makali ya kukata soli ya kiatu, na mvua ikinyesha mvuke ulipanda kutoka kwenye nyufa. Alama pekee ya nyumba yangu ilikuwa ncha ya bati iliyojikunja na kutokeza juu ya mawe. Mke wangu ndiye aliyeitambua, kwa rangi ya bluu tuliyoipaka. Majirani wa upande wetu walikuwa wametawanyika. Wengine walikuwa chini ya mahema, wengine kwa ndugu zao Mugunga na Sake, mmoja alishakwenda Bukavu kwa shemeji yake. Huyo jirani aliyekataa kusaini alitoka wapi? Huisye aligonga mlango gani?

Sitaji jina la mtu wala simwiti mtu mwongo. Ninasema kwamba kilichoandikwa hakikuweza kutokea mahali palipoandikwa, na hilo kila mkazi wa Buhene atakuja kulishuhudia mbele yenu mkimwita.

Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, ile ya 7 Machi 1960 ambayo ndiyo tunayoitumia hadi leo, inamruhusu huisye kuacha nakala kwa ndugu au kwa jirani asipomkuta mwenyewe. Lakini ni lazima pawe nyumbani kwa mtu huyo, mahali anapoishi. Na kwa mtu asiyejulikana anaishi wapi, sheria hiyohiyo imeweka njia nyingine: nakala inabandikwa kwenye mlango mkubwa wa mahakama, na muhtasari wake unatangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Kwangu haikufuatwa ya kwanza wala ya pili.

2. Aliyenishtaki alijua ninakaa wapi

Juni 2021, watu walipoanza kurudi kutoka Sake, Minova na Gisenyi, nilikwenda mwenyewe ofisini kwa koperative kuwaeleza yaliyonikuta. Ofisa wa mikopo alichukua fishi yangu, yaani kadi ya mteja, akafuta Buhene, akaandika Ndosho, avenyu, jina la shefu wa avenyu, na namba ya simu ileile waliyokuwa wakinipigia kila mwisho wa mwezi. Nilisaini, naye akasaini. Nakala ninayo. Akaniambia nisubiri, watatengeneza mpango mpya wa malipo kwa wateja walioathiriwa na volkano. Nilisubiri mpango, kumbe kilichokuwa kinatengenezwa ni kesi.

Kwa hiyo mtu aliyempa huisye anwani ya Buhene alikuwa na anwani ya Ndosho kwenye kabati lake. Ninawaomba mlitazame jambo hili kwa uzito wake. Mdai akiachiwa kuchagua ni anwani gani ampe huisye, basi ameachiwa kuchagua kama mshtakiwa atakuja kujitetea au hatakuja.

3. Hukumu ilikubali kila alichosema mdai

Wengi mitaani wanaamini kwamba asiyefika mahakamani ameshindwa, basi. Sheria haisemi hivyo. Inasema kwamba mshtakiwa asipofika, jaji anampa mdai alichoomba akikuta kwamba ni cha haki na kimehakikishwa vizuri. Hukumu yangu ina kurasa mbili. Inanidai dola 1,800 nzima, kana kwamba sijawahi kulipa hata senti, halafu inaongeza dola 550 za ucheleweshaji na fidia. Daftari ya malipo ya koperative haikutajwa popote. Kama jaji angeiomba, angeziona dola 1,380 zimeandikwa kwa mkono wa keshia wao wenyewe.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inasema haki ya kujitetea imepangwa na inalindwa. Sidhani kama kuna mtu kati yenu asiyekijua kifungu hicho. Ninauliza tu: kwangu kililindwa lini?

4. Mali ilichukuliwa kinyume cha utaratibu, pamoja na isiyo yangu

Siku ile ya Agosti mashine ilikuwa inazunguka. Huisye alisimama karibu na mlango akaanza kusoma karatasi kwa Kifaransa, haraka, huku vumbi la mbao likiwa bado hewani. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyekimbia kuzima umeme ili tusikie. Polisi mmoja alikuwa ameshashika waya. Wakaandika: mashine ya kuranda, moja, jenereta, moja, milango ya mbao za libuyu, minne. Nilimwonyesha huisye jina la mteja lililoandikwa kwa penseli mgongoni mwa kila mlango, na karatasi ya advansi (malipo ya kwanza) aliyonipa. Akasema nitayaeleza mbele. Vyote vikapakiwa kwenye pikapu, majirani wakitazama, na wateja wawili waliokuwa wamekuja kuagiza vitanda wakaondoka bila kusema neno. Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema mimi ni mwizi wa pesa za koperative.

Nchi yetu iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya kulipisha madeni ndiyo inayotawala mambo haya. Nimeisoma kwa msaada wa avoka (wakili) kijana wa kanisani kwetu, ambaye hakunitoza kitu, Mungu ambariki. Inasema kwamba kabla ya kukamata mali ya mtu kwa ajili ya kuiuza, lazima kwanza apewe amri ya kulipa, na siku 8 zipite. Mimi sikupewa. Inasema kwamba mali iliyokamatwa inabaki chini ya ulinzi wa mwenye deni mwenyewe, na anaweza kuendelea kuitumia, ila asiiuze wala asiihamishe. Yangu ilibebwa saa ileile, bila kuonyeshwa karatasi ya jaji iliyoruhusu ihamishwe. Inasema kwamba mali ya mtu mwingine ikikamatwa, mwenyewe ana haki ya kuidai. Mteja wangu ameidai kwa barua. Naye hajajibiwa, na nyumba yake Kyeshero imefungwa kwa maturubai.

Fundi asiye na mashine analipaje deni? Kama lengo lilikuwa koperative ipate pesa zake, njia hii imeiziba.

5. Mlango wa kujitetea ni mwembamba

Aliyehukumiwa bila kuwepo ana siku 15 za kuweka opozisyo, yaani pingamizi la kutaka kesi isikilizwe upya, kuanzia siku alipokabidhiwa hukumu mkononi, au, kama hakukabidhiwa mwenyewe, kuanzia siku alipojua kwamba imepelekwa. Niliwahi. Lakini niliwahi kwa sababu nilipata mtu wa kunieleza. Kati ya hapo kuna pesa ya nakala, pesa ya kufungua dosie, na Kifaransa cha mahakama ambacho hata aliyemaliza sekondari anakisoma mara tatu. Na tangu niweke opozisyo hiyo, kesi inaahirishwa tu, mashine imekaa depo.

Kwa ndugu wasomaji ambao yatawakuta kama haya: siku huisye anapokuja, msigombane naye wala msimpe pesa ya mkononi. Ombeni nakala ya karatasi aliyonayo, andikeni tarehe, na kesho yake asubuhi nendeni grefu mkaombe vitu viwili, hukumu na ripoti ya namna mlivyoitwa. Ripoti ile ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo inayoonyesha kama kweli mliitwa.

Waheshimiwa, najua majibu ninayoweza kupewa, kwa maana mengine nimeshapewa kwa mdomo koridoni.

Nimeambiwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kusema hakujua sheria. Ni kweli, nami sisemi hivyo. Sheria ninaijua kiasi changu. Nisichokijua ni kesi, na kesi hajui mtu mpaka aambiwe.

Nimeambiwa kwamba majaji ni huru na hakuna wa kuwaingilia. Ninaheshimu uhuru huo; umeandikwa katika kifungu cha 149 cha Katiba na sitaki uguswe. Sikuombi, Mheshimiwa Raisi, uandike upya hukumu ya jaji wako. Ninauliza kuhusu kazi ya grefu na ya huisye, ambayo ni ya utawala wa mahakama, na ambayo mnaisimamia.

Nimeambiwa kwamba njia za kazi hazipo: hakuna pikipiki wala mafuta, na mji hauna namba za nyumba. Hili ninalikubali zaidi kuliko yote. Goma inajulikana kwa shefu wa avenyu na shefu wa nyumba kumi, si kwa namba. Lakini hao mashefu wapo, wanalala kwenye avenyu zao, na wanajua nani amehama na nani amekuja. Kuwauliza ni bure. Na kila aliyewahi kuwa na kesi hapa anajua kwamba mafuta ya huisye mara nyingi yanatoka mfukoni mwa mdai. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: anayetafutwa anatafutwa kwa pesa za yule anayefaidika asipopatikana.

Labda mtasema pia kwamba mnazidiwa na kazi chini ya utawala wa kijeshi. Lakini tangu Mei 2021 kesi za jinai za jimbo letu zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Mlizobaki nazo ni za madai, kama hii yangu.

Na koperative itasema pesa ni za wanachama, akina mama wa soko la Virunga wanaoweka kidogokidogo. Ni kweli kabisa, na mama yangu mdogo ni mmoja wao. Nitazilipa dola 420. Nilikuwa tayari kuzilipa mwaka jana, nipo tayari leo, na kama mtaniambia nizikabidhi grefu kesho nitazitafuta.

Sasa niseme lililonifanya niandike mwezi huu. Tazameni barabara ya kuelekea Kanyaruchinya. Tangu mwezi wa kumi, kwa sababu ya vita, familia za Rutshuru na Kibumba zinashuka na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto, zinalala madarasani na pembeni mwa barabara. Wamo wenye duka, wenye shamba, wenye mikopo kwa koperative hizihizi. Anwani zao kwenye fishi ni za vijiji ambavyo hakuna huisye atakayethubutu kwenda, na kama ripoti zitaandikwa kama ilivyoandikwa yangu, mwakani kutakuwa na hukumu tele dhidi ya watu waliokuwa chini ya turubai. Mji huu ulihama kwa volkano mwaka 2002, ulihama tena 2021, na sasa unapokea waliohama. Mahakama ya Goma haiwezi kufanya kazi kana kwamba kila mtu bado analala pale alipolala mwaka juzi.

Ninachoomba ni hiki.

Kwa kesi yangu: utekelezaji usimamishwe mpaka opozisyo isikilizwe, na isikilizwe kwa tarehe isiyoahirishwa bila sababu iliyoandikwa. Mashine na jenereta virudishwe atelye chini ya ulinzi wangu kama sheria inavyotaka. Niko tayari kusaini. Milango minne apewe mwenyewe. Ripoti ya Septemba 2021 ichunguzwe: huisye aulizwe alisimama wapi, alimkuta nani, na koperative ilete fishi yangu yenye anwani ya Ndosho.

Kwa watu wote: kabla jaji hajamhukumu mtu asiyekuwepo, ripoti ya huisye isomwe kwa sauti mbele ya watu, na nakala iliyoachwa kwa mtu mwingine isikubaliwe bila jina lake na uthibitisho wa shefu wa avenyu. Mdai aandike chini ya kiapo anwani ya mwisho na namba ya simu anayoijua ya mdaiwa, na simu hiyo ipigwe. Kwa waliohamishwa na volkano au na vita, orodha ya majina ya wanaoitwa ibandikwe kwenye ofisi za kartye (mitaa) na kwenye kambi, na isomwe redioni kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa. Barua ya kuitwa iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: umeshtakiwa na nani, kwa pesa ngapi, uje lini, na usipokuja kitafanyika nini.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na kinaitaka mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu. Nakala ya barua hii yenye saini yangu, namba ya kesi, bordero na fishi ya koperative nimeiacha leo kwenye ofisi zenu, na nimepigiwa muhuri. Miezi mitatu ninaihesabu kuanzia muhuri huo. Nikijibiwa, jibu lenu nitalitangaza hapahapa, lote, hata kama halinipi haki.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu.

Fundi seremala wa Ndosho, zamani wa Buhene